Watengenezaji wa boti za matanga, kwa nini mnaficha vitu vinavyoweza kutuzamisha?

Wakuu, naomba niseme bila kuzunguka: watengenezaji wa boti za matanga wanatufanyia ubaya sisi tunaoishi ndani ya boti hizo, na wanajua wanachokifanya.

Siilalamikii bahari. Chumvi itakula chuma, jua litababua tanga, ukungu utaota chini ya godoro, kamba zitagonga mlingoti usiku kucha upepo ukizidi. Anayehamia majini anayajua hayo na ameyakubali. Kinachonichoma ni kwamba kila kitu ambacho lazima siku moja kiharibike kimefungiwa pahali mkono usipofika, ili ndani papendeze siku mnunuzi anapokuja kutazama.

Wiki hii nilikuwa nabadilisha mpira wa choo, yaani bomba laini linalopitisha maji. Kile kiungio kinachoshika mpira kwenye vali ya sakafuni, ile inayofungua na kufunga tundu la kwenda baharini, kikakatika, nikabaki nacho mkononi. Salama yangu ni kwamba vali yenyewe ilikuwa imefungwa. Pale kilipokatikia palikuwa na rangi ya waridi, na nikipakwaruza kwa kisu pananyofoka. Ni brasi ile, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huinyonya zinki kidogo kidogo, ikabaki shaba tupu yenye vitundu. Kwa nje umbo ni lile lile, unaweza hata kulipiga msasa likang'aa, lakini nguvu haipo tena. Bronzi, iliyochanganywa na bati, ingedumu mara nyingi zaidi. Wanajua. Waliweka brasi kwa sababu ni rahisi kuinunua na hakuna mnunuzi anayevua godoro kukagua vali.

Sasa pigeni hesabu. Tundu la milimita 38, nusu mita chini ya usawa wa maji, linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, iliyoandikwa lita 4,000 kwa saa, hata ikifikisha kiasi hicho, inatoa lita 67 tu kwa dakika. Na haifikishi! Namba ile ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji juu. Ikishaanza kuyapandisha mita moja kupitia mpira wenye makunyanzi na kona tatu nne, kiasi kinashuka sana, mara nyingi karibu nusu. Kwa hiyo familia imelala, kiungio kimekatika, pampu inanguruma, na maji bado yanapanda.

Kuna kiwango cha kimataifa kuhusu viungio hivi, ISO 9093. Toleo lake la mwaka 1994 lilihesabu kiungio kuwa kinahimili kutu kama kikitumika miaka 5 bila hitilafu. Miaka mitano! Boti ya faiba inauzwa kama makazi ya miongo, halafu kinachoizuia bahari isiingie kilihesabiwa kinatosha kikidumu mitano, tena kikiwa nyuma ya mbao ambazo huzifungui mpaka uondoe kitanda, skrubu, na tangi la maji. Nani alikaa mezani akaona hilo ni sawa?

Tuje kwenye injini. Impela ya pampu ya maji ya bahari, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza injini, imetengenezwa kwa mpira, inachoka, kila mtu anajua ni ya kubadilishwa. Kwenye boti yangu mfuniko wake umeelekea ukutani. Huoni skrubu hata moja, unapapasa, na ukiangusha moja imeenda ngamani. Mabawa ya impela yakikatika, vipande husafiri na maji hadi kwenye kipozeo, na usipovitoa vyote injini itachemka tena. Kazi ya dakika chache inakuwa nusu siku umelala kichwa chini kwenye harufu ya dizeli. Kuigeuza pampu ielekee nje kungemgharimu nini aliyeichora?

Tangi la mafuta halina mfuniko wa kusafishia. Maji hutuama chini ya dizeli, vijidudu hustawi pale maji na mafuta yanapokutana, tope linajikusanya. Bahari ikitulia huoni lolote. Mawimbi yakianza, tope linavurugika, chujio linaziba, injini inazima wakati unaihitaji kuliko wakati wowote. Na ukitaka kulitoa tangi ulisafishe, ukate samani kwa msumeno, kwa sababu liliwekwa kabla ya sitaha.

Choo sitakisemea sana. Mkojo ukikutana na maji ya bahari hutengeneza magamba magumu kama mawe ndani ya mpira, hivyo mpira lazima ubadilishwe. Wao wameupitisha nyuma ya kabati mbili. Nyaya za umeme nazo zote ni rangi moja, hazina namba, shaba yake haikupakwa bati na imegeuka nyeusi mpaka ndani ya plastiki.

Linaloniogopesha zaidi ni zile bamba za stenlesi, chuma kinachosifiwa kutoshika kutu, zinazoshika waya za kusimamisha mlingoti. Stenlesi huhitaji hewa ili ijilinde. Ikibanwa ndani ya sitaha, kwenye unyevu usiopata hewa, inaliwa kimya kimya, na sehemu inayoonekana juu inang'aa vizuri tu. Siku ikikatika, mlingoti unaanguka juu ya watu. Hizo nazo wamezizika ndani ya faiba.

Ukiwauliza wanakujibu kwamba ndiyo maisha ya boti. Humu pia wapo wanaosema mabaharia wa zamani waliteseka zaidi bila kulia. Hapana, ndugu zangu. Kwenye chombo cha mbao ngama iko wazi, ubao unaovuja unauona kwa macho, unauziba kwa kalafati pale pale. Wale walikuwa na kazi nyingi, ila hakuna aliyewafichia ugonjwa wa chombo chao.

Madai yangu hayahitaji teknolojia mpya. Vali ifikike kwa mkono mmoja gizani. Tangi liwe na mfuniko. Waya ya umeme iwe na namba. Bamba za mlingoti zikaguliwe bila msumeno. Kabati ikipungua urembo, ipungue.

Wenye boti za faiba, kesho mchana fungueni sakafu, kwaruzeni kila kiungio kwa ncha ya kisu. Mkiona waridi, msikiguse tena kikiwa majini; pandisheni chombo kwanza. Halafu andikeni hapa mwaka boti ilipotengenezwa na mlikikuta kiungio wapi, tukusanye majibu tuwapelekee kwa pamoja.