Naombeni ushauri: nimeitwa rezidensi ya muziki kwenye nyumba ya kale Mji Mkongwe, ila mkataba unanipa mawazo

Mpiga_Rizim:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpiga gitaa wa dansi, niko Dar, mkate wangu ni bendi ya hotelini wikiendi. Sasa kuna nyumba moja ya zamani Unguja, Mji Mkongwe, ina ua katikati na mlango wa nakshi, wenyewe wameikarabati wanaita wasanii wakae humo watunge. Wamenipa nafasi ya wiki sita, chumba na chai ya asubuhi juu yao, nauli ya boti juu yao, posho hakuna. Natakiwa nitunge vitu vya kuchanganya gitaa la dansi na taarabu, halafu kila Ijumaa usiku nipige uani kwa wageni.

Kinachonisumbua ni kipengele kimoja kinasema hivi, "rekodi zote zitakazofanyika ndani ya jengo wakati wa ukaazi zitakuwa mali ya nyumba". Nimewauliza wakasema ni kawaida tu kila msanii anasaini. Halafu wiki mbili za mwisho zinaingia Ramadhani. Lidabendi wangu naye kashaniambia nikiondoka anatafuta mtu. Niende au niache?

kobe_wa_Kino:
Chumba bure, chai bure, bahari ipo, unauliza nini sasa mkuu? Wenzako wanalipia kulala huko.

Dada_Masta:
@kobe_wa_Kino punguza haraka. Analala bure sawa, ila kila Ijumaa anapiga bure kwa wageni ambao bila shaka wanalipa kiingilio au wanakula chakula hapo uani. Hapo kodi ya chumba keshailipa na chenji anadai.

Kaka sikia, nimefanya kazi studio miaka mingi, hicho kipengele usikisaini kilivyo. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna masta, yaani ile rekodi yenyewe. Walivyoandika wao wanachukua masta zote, hata ile umejirekodi kwa simu yako chumbani saa nane za usiku ukijaribu rifu. Waambie wabadilishe iwe "nyumba inaruhusiwa kutumia rekodi kwa kumbukumbu na matangazo yake, masta na utunzi vinabaki kwa msanii". Sehemu inayojali wasanii haitakuwa na shida na sentensi hiyo. Wakikataa basi ujue walikuwa wanatafuta muziki wa kuwekea tangazo la hoteli.

Jambo jingine, wimbo wowote wa zamani ambao hujautoa, usiurekodi humo ndani. Hata demo.

MtuWaVuga:
Assalaam alaykum. Mie ni wa hapa hapa mjini. Ndugu yangu, suala la Ramadhani usilichukulie juu juu. Mwezi ule huku madisko na ngoma za hadharani husimama, sasa kama hao waliokualika wamekupangia kupiga uani Ijumaa ya Ramadhani basi ama ratiba hawakuiangalia ama wanataka ugombane na majirani wewe. Zile nyumba zimebanana, dirisha lako linatazamana na la mwenzio, na msikiti uko hatua chache. Hata miezi mengine ukisikia adhana nyamaza, hakuna atakayekuja kukwambia lakini watu wanaangalia.

Halafu kibali. Huku tuna Baraza letu la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kitambulisho cha BASATA, baraza la sanaa la huko bara, usidhani kinamaliza kila kitu. Waulize wenyeji wako nani anakwenda kushughulikia. Na hakimiliki vilevile si jambo la Muungano, bara chombo chenu cha hakimiliki ni COSOTA na sheria yenu ya 1999, sisi tuna COSOZA na sheria yetu ya 2003. Kwa hiyo mkataba useme wazi unafuata sheria ya upande gani.

Ila njoo. Taarabu utaisoma wapi kama si huku? Kikundi cha Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, wenzao wa Culture Musical Club wana jumba lao pale Vuga, nenda jioni watu wakiwa mazoezini, kaa kimya nyuma, usitoe gitaa siku ya kwanza.

fundi_chokaa:
Mimi sio mwanamuziki, ni fundi wa majengo hayo. Naomba niseme kuhusu nyumba maana wasanii mnakujaga na misumari.

Ukuta wa nyumba za kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukigonga msumari wa kutundikia sponji ya sauti linadondoka pande zima la plasta. Dari ni boriti za mikoko, na kwa sababu boriti hazirefuki sana vyumba vinakuwa vyembamba, kama mita 3 hivi upana, ila virefu kama korido. Mwenzangu mmoja wa muziki aliniambia humo besi inavuma inajirudia. Dawa alitundika mikeka na mablanketi kwenye stendi, godoro kaliegemeza kona, akapata sauti nzuri tu. Pia usikubali watu wajazane ghorofani wakirukaruka na sabufa juu ya boriti za zamani. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, imesimama tangu 1883 na upande wake mmoja ukaanguka 25 Desemba 2020, watu wakafa. Pigieni chini uani.

Gitaa usiliegemeze ukuta wa nje, kuta hizo zinatoa jasho la chumvi.

Mpiga_Rizim:
Aisee ndio maana naipenda hii kona. Fundi asante sana, hilo la boriti nisingelijua. @MtuWaVuga kuna mpiga qanun mmoja, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, wameniambia watanikutanisha naye, ni mzee, huyo analipwa na nani?

MtuWaVuga:
Hapo ndipo pa kuuliza khasa. Wageni wanakuja, wanakaa na wazee wetu, wanafundishwa maqamu, zile ngazi za sauti za Kiarabu, wanaondoka na albamu, mzee kapewa soda. Iandikwe kwenye mkataba kwamba kila mwanamuziki wa hapa atakayeshiriki analipwa kwa kikao na jina lake linaandikwa. Na ukiwa naye uwe na subira, qanun ina nyuzi sabini na kitu, sehemu ya daraja imewambwa ngozi, hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea, anaweza kutyuni nusu saa nyimbo moja haijapigwa. Usimharakishe, hapo hapo anapotyuni ndipo utakapomsikia anatembeza maqamu kidogo kidogo, weka sikio.

kobe_wa_Kino:
Nimerudi kuomba radhi, sikuona habari ya masta.

Dada_Masta:
Umesamehewa 😂 Mpiga_Rizim, la lidabendi je? Usiondoke kienyeji. Mpelekee wewe mwenyewe mtu wa kukushikia nafasi, mtu unayemwamini, sio yule anayeitaka nafasi yako.

Mpiga_Rizim:
Mrejesho wakuu. Nimewaandikia. Masta wamekubali zibaki kwangu, wao wanatumia kwa matangazo mwaka mmoja. Wiki zimepungua zimekuwa nne ili niondoke kabla ya mwezi mtukufu, kibali wanashughulikia wao. Ijumaa wamegoma kulipa, tumekubaliana mbili badala ya zote. Mzee wa qanun atalipwa, ila kiasi hawajasema. Nyuzi za gitaa nitapata huko au nibebe?

MtuWaVuga:
Beba za kutosha na kitambaa kikavu, chumvi ya huku inazila haraka. Na kiasi cha mzee kiandikwe kabla hujapanda boti.