Chuma cha unene tofauti kikae motoni muda gani ili kilainike?

Mwanakarakana
Wakuu, heshima kwenu. Nina vipande vitatu vya chuma chenye kaboni asilimia 0.45, vya unene wa milimita 6, 25 na 50, ambavyo ni vigumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake. Nataka kuvilainisha kabla ya kuvikereza. Tanuri langu ni la umeme na lina kipimajoto. Je, nivipe vyote muda uleule kwenye nyuzi 840 za sentigredi?

Fundi Tanuri
Hapana, mkuu. Kanuni iliyozoeleka ni saa moja kwa kila milimita 25, ukipima sehemu nene kuliko zote. Basi cha 50 kipate saa mbili na cha 25 saa moja. Cha 6 kihesabu kinapata robo saa, lakini mimi ningekiachia nusu saa. Zingatia sana kwamba muda huo huanza kuhesabiwa joto linapofika kiini cha chuma, si pale kipimajoto kinapoonyesha 840, kwa sababu kipimajoto husoma joto la ndani ya tanuri ilhali kipande kinene bado kiko nyuma. Ukichungulia ukaona kipande kina weusi kuliko kuta za tanuri, bado hakijaiva. Chembamba usikiweke saa mbili pamoja na kinene, kwani kitaota magamba na kupoteza kaboni usoni.

Mhunzi wa Mkaa
Naunga mkono, ila ulaini wenyewe hupatikana katika kupoa. Zima tanuri, acha mlango umefungwa, na usikitoe chuma kikiwa bado chekundu. Chembamba hupoa upesi mno, hivyo kibane katikati ya vipande viwili vinene vya chakavu vilivyopashwa moto pamoja nacho. Sisi wa mkaa tusio na kipimajoto hutumia sumaku: ikiacha kushika, chuma kimefika karibu nyuzi 770, nasi huongeza moto kidogo, kisha tunakifukia katika majivu makavu hadi kesho yake.

Mwanakarakana
Nashukuru sana. Na bamba la shaba nyekundu la milimita 1?

Fundi Tanuri
Hilo halihitaji saa. Lipashe moto kivulini mpaka wekundu hafifu uonekane bamba zima, kisha waweza hata kulitumbukiza majini; shaba nyekundu haigumishwi na kupozwa ghafla kama chuma chako.