Mjadala: Rivolva mpya za bei nafuu, ni silaha au ni bati lenye silinda?

Muuza Nta (Urambo)
Wakuu, mwangaluka. Naomba mawazo ya wanaozijua silaha kwa mikono yao, siyo ya kusikia kijiweni. Nanunua asali na nta vijijini, Urambo mpaka Kaliua, kwa pikipiki, na mara nyingi jua linanizamia porini nikiwa na hela za watu. Leseni naifuatilia: serikali ya kijiji imeshanipitisha, bado kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Swali langu ni chombo chenyewe. Nafikiria rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka na risasi. Kuna Ruger Wrangler iliyotoka 2019 kwa dola 249 huko Marekani. Kuna Taurus 856 ya Wabrazili. Rossi nao walirudi kwenye rivolva 2023 na RP63. Mtu wa kipato changu akichukua moja kati ya hizi, amepata silaha au amenunua bati lenye silinda?

Kigoma Mwisho wa Reli
Ndugu yangu, Wrangler itoe kabisa. Ni ya risasi ndogo ya .22, halafu ni ya kukoki: kila risasi lazima uvute nyundo kwa kidole gumba ndipo ufyatue. Ukimaliza sita, unafungua kidirisha cha pembeni, unasukuma maganda moja moja kwa kijiti, unajaza moja moja. Usiku, porini, mikono inatetemeka, utafanya hayo saa ngapi? Fremu yenyewe, yaani mwili wa bastola, ni aluminiamu. Na hiyo bei ni ya kwao. Mpaka ipite kwa mwagizaji, ushuru na mwenye duka, usiitaje tena. Ila watu wa Tabora nawajua, mmezoea gobore la bomba la maji na msumari, kwa hiyo chochote chenye chapa ya kiwanda kwenu ni dhahabu.

Dogo wa Isevya
Rivolva zimepitwa na wakati, wakuu. Pisto ya magazini inabeba hata 15, hii sita. Rivolva ni za wazee na kina mama wanaoogopa kukoki.

Baruti Kavu (Sikonge)
Wewe wa Kigoma ulianza vizuri ukamalizia kwa kututukana. Bomba la maji umeliona wapi? Babu yangu alikuwa mhunzi, mtutu wa gobore aliuchagua kama mtu anayeposa. Aliugonga kwa kijiti na kuusikiliza, ukilia vibaya anautupa. Wafuga nyuki wa msituni wamelala na magobore kichwani miaka yote, nyani na nguruwe wanakaa mbali na shamba. Mtemi Mirambo alimtimua Mjerumani na hayohayo magobore unayoyadharau. Wewe kwenu mmefanya nini na bunduki zaidi ya kumpokea Stanley pale Ujiji?

Mstaafu wa Renji
Vijana, salamu. Nilifundisha shabaha zaidi ya miaka ishirini, nimeona silaha nyingi na vidole vingi. Naomba nirudi kwenye swali.

Fremu ya aluminiamu kwenye .22 siyo kosa. Kinachobeba mlipuko ni silinda na mtutu, na kwenye Wrangler vyote viwili ni chuma. Tena ina kipande kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu kifyatulio kinapovutwa. Usipovuta, nyundo ikigongwa haifikii pini, kwa hiyo waweza kubeba sita zote. Colt za mtindo wa 1873 hazikuwa hivyo. Waliojali miguu yao walijaza tano na kuacha tundu tupu chini ya nyundo.

Lakini Kigoma amesema kweli kwa matumizi ya huyu kijana. Ile ni ya kujifunzia na kufurahia. 856 ni mambo mengine: inatumia risasi za .38 Special, inabeba sita, unavuta kifyatulio tu inapiga. Ya chuma ya mtutu wa inchi mbili ina gramu 620 hivi, ile nyepesi 445 hivi. RP63 ni ya risasi kali zaidi, .357 Magnum, na inakula .38 pia, kwa kuwa ganda la .357 ni lilelile limerefushwa kidogo, kama milimita 3. Kinyume chake hapana: .357 haizami kwenye silinda ya .38, na asitokee mtu akaisukuma.

Mama Mizinga (Uyui)
Mzee shikamoo. Nitakuja kwenye uliyosema, ila kwanza huyu Dogo wa Isevya.

Mwanangu, rivolva ya kina mama waoga? Nina leseni miaka tisa. Naendesha mwenyewe lori dogo la asali, nimelala njiani mara nyingi kuliko ulivyolala kwenu. Unajua kifyatulio cha rivolva kinahitaji nguvu gani usipoikoki? Karibu kilo tano kwenye kidole kimoja, na muda wote huo mtutu usicheze. Pisto zako nyingi zinataka kama nusu ya hapo tu. Mimi kila jioni natoa risasi zote, naziweka chumba kingine, nafungua silinda naitazama, naipitisha kidole kila tundu. Kisha naweka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, navuta kifyatulio taratibu mpaka nyundo ianguke. Sarafu ikidondoka, sijafyatua, nimeyumba. Mwezi wa kwanza ilikuwa inadondoka kila mara na mkono unawaka mpaka kiwiko. Sasa naangusha nyundo mara ishirini haijasogea. Njoo Uyui ujaribu mara tano tu, halafu urudi hapa uandike tena neno mwoga.

Dogo wa Isevya
Mama nimekusikia. Lakini 15 ni zaidi ya sita, hilo halina utaalamu.

Mama Mizinga (Uyui)
Mtu anayehitaji 15 porini ahitaji kwanza kujiuliza anakwenda wapi. Na hujaniomba radhi.

Mwana wa Unyanyembe
Baruti Kavu, historia usiichezee. Mirambo alikufa 1884. Wajerumani bendera yao waliipandisha Tabora 1890. Alimtimua nani? Aliyepigana na Wajerumani ni mtemi wetu Isike, mpaka Januari 1893 boma lilipovunjwa, akawasha ghala la baruti kuliko kushikwa mzima. Heshima mpeni mwenyewe.

Baruti Kavu (Sikonge)
Sawa, kuhusu Mjerumani nilichanganya. Lakini 1871 Mirambo aliwapiga Waarabu wa Tabora na Stanley akiwa upande wao, Stanley akakimbia. Hiyo haifutiki. Na ilikuwa kwa magobore.

Mwana wa Unyanyembe
Aliwapiga na akachoma nyumba za watu wetu. Kwenu shujaa, kwetu bado tunasimuliana.

Muuza Nta (Urambo)
Hapo siwezi kunyamaza, mimi nimezaliwa Urambo. Njia ya msafara ilipita kwenye nchi yake, na wenye pembe za ndovu hawakutaka kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, aliyoitoza kama watemi wengine walivyotoza. Mngetaka akae kimya? Mtu aliyeunganisha watemi mmoja mmoja akajenga nchi, leo anaitwa mchoma nyumba!

Kigoma Mwisho wa Reli
Mkuu, wewe ndiye uliyeuliza bei ya bastola.

Hesabu za Kanyenye
Na mimi niulize ambalo hakuna aliyeuliza. Kwa nini utembee na noti? Wakulima wa tumbaku wanalipwa kupitia chama chao na benki. Lipa kwa simu, hela ya bastola ongeza mtaji. Anayekuvizia anavizia noti, siyo ndoo ya asali.

Muuza Nta (Urambo)
Kaka, umewahi kumlipa kwa simu mzee aliyeshuka na madebe matatu kutoka kambi ya msituni? Mtandao hakuna, simu yake imezima tangu juzi, na anataka kununua chumvi na unga hapohapo arudi kwenye mizinga. Nisipotoa noti anamuuzia mwingine. Wa mjini wanadhani sisi tunapenda kubeba hela.

Mstaafu wa Renji
Kanyenye ameuliza la maana na lisipite hivihivi. Nimewahi kumwona mwenye bastola akiporwa na bastola yenyewe ikaondoka. Walikuja wakati anafunga mzigo, mikono yote miwili iko kwenye kamba. Kwenye pikipiki mikono yako iko kwenye usukani. Kijana, silaha kiunoni haioni nyuma.

Sasa ukaguzi, maana mpya siyo lazima iwe nzima. Mimi niliwahi kupewa ya bei nafuu nijaribu, jina la kiwanda nalihifadhi. Risasi ya tatu nikahisi kitu kimenichoma kwenye gumba la mkono wa kushoto. Nilipotazama, unga wa madini ya risasi umepaka kama penseli pembeni mwa silinda. Tundu la silinda halikuwa likisimama sawasawa nyuma ya mtutu, kwa hiyo risasi ilikuwa inanyolewa ikiingia na vipande vinatemwa pembeni. Silaha mpya, mafuta ya kiwandani bado yananuka.

Dukani, mbele ya mwenye duka, hakikisha haina kitu. Ikoki taratibu huku umeizuia silinda kidogo kwa kidole: je, inafika na kujifunga, au inabaki njiani? Fanya hivyo matundu yote sita, kwa maana tano zaweza kuwa nzuri na ya sita ikakuua. Ikishajifunga, itikise. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Ikicheza kama jino la mtoto, irudishe. Kisha ielekeze kwenye mwanga uone nafasi kati ya silinda na mtutu. Unatakiwa uone uzi mwembamba wa mwanga, ulio sawa juu na chini. Kupitisha msumari, hapana.

Kigoma Mwisho wa Reli
Mzee, na vumbi? Tunaambiwa rivolva haijami, yaani haikwami.

Mstaafu wa Renji
Inajama. Risasi ikigoma kulipuka, hapo rivolva ina nafuu: ukivuta tena silinda inaleta nyingine, wakati ya magazini lazima uivute kwa mkono wa pili. Mazoezini, ikigoma, usiifungue haraka. Ielekeze kwenye shabaha uhesabu nusu dakika kwanza, huenda inachelewa. Lakini uchafu ukikaa chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda haifungi au haizunguki, na hiyo hutatui ukiwa umechuchumaa nyuma ya mti. Vumbi la Julai na Agosti la kwenu linaingia hata kwenye saa. Mswaki wa meno, kila ukirudi safari.

Mama Mizinga (Uyui)
Na nta. Hilo Mzee hawezi kulijua ila mimi nalijua. Mkono wenye nta ukigusa silinda, vumbi linaganda pale kama samli. Fremu ya gari langu ilinifundisha, bastola ikafuata. Muuza Nta, osha mikono kwa maji ya moto kwanza.

Na zoezi la sarafu usilifanye na .22. Nyingi pini yake inagonga ukingo wa tundu na kuutia donda.

Baruti Kavu (Sikonge)
Mambo haya yote ya nyota na pini, gobore halina. Kitu rahisi hakiharibiki.

Mstaafu wa Renji
Mwanangu, wahunzi wa zamani nawaheshimu, na gobore lililosajiliwa sina ugomvi nalo. Lakini kiwandani mtutu unajaribiwa kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla haujauzwa. Gobore linajaribiwa na bega la mwenyewe. Baruti anaipima kwa kiganja, leo kiganja kimejaa, kesho kimezidi. Lile la babu yako liko wapi sasa?

Dogo wa Isevya
Amekaa kimya.

Baruti Kavu (Sikonge)
Sikukaa kimya, nilikuwa naandika nafuta.

Gobore la babu lilipasuka. Mwaka huo mimi niko darasa la sita. Baba mdogo alilichukua kufukuza nguruwe kwenye mahindi usiku, na mtu alikuwa ameshalishindilia baruti mchana bila kumwambia, naye akashindilia tena. Tulisikia mlio ambao siyo wa siku zote. Alikuja amefunga mkono kwa shati, akamwambia mama, "Shemeji, niwashie taa." Taa ilipowaka mama akaizima. Kidole gumba na cha shahada havikuwepo. Leo anafunga kamba za mizinga kwa meno.

Mtutu ule babu aliuchagua mwenyewe, aliugonga akausikiliza. Vipande tulivipeleka kituoni wakati wa kusalimisha silaha. Sikusema kwa sababu mtu aliandika bomba la maji na msumari, na babu alikufa akiamini ni kosa lake.

Kigoma Mwisho wa Reli
Ndugu yangu, ule mstari naufuta na naomba radhi. Pole kwa baba mdogo. Haikuwa kosa la mzee, mara mbili ni mara mbili, hata ya kiwandani ingeweza kupasuka.

Mama Mizinga (Uyui)
Pole sana mwanangu. Asante kwa kusema.

Muuza Nta, ukiniuliza mimi: 856 ya chuma, siyo ile nyepesi. Nyepesi ni tamu kuibeba, lakini kwa .38 inakurusha mkono mpaka uache mazoezi. Na kabla haijaingia ndani ya nyumba, kasiki la chuma liwe limeshafungwa ukutani kwa nati. Una watoto?

Muuza Nta (Urambo)
Ninao watatu, Mama, na wa mwisho anapanda kila kitu. Kasiki nimeshamwambia fundi wa kuchomelea, anakuja kupima Jumatatu. Wrangler nimeiacha. RP63 moyo unaitaka, ila risasi za .38 ndizo nitakazomudu kununua za mazoezi, kwa hiyo sioni haja ya kulipia .357.

Mwana wa Unyanyembe
Kuhusu hongo ya msafara bado hujanijibu. Waliolipa nao walichomewa.

Muuza Nta (Urambo)
Nitakujibu nikirudi, ndugu yangu, hilo nalo siliachi. Kesho alfajiri naelekea Kaliua. Leseni bado, kwa hiyo nimeongea na jirani twende pikipiki mbili, na saa kumi jioni tuwe tumeshageuza.