Kuhifadhi picha na video za simu kwenye diski ya nje: diski inazimika, na video ya harusi inakataa kuingia

Mkaazi wa Raskazoni

Habari zenu, wakuu. Simu yangu ni ya Android 11 yenye nafasi ya GB 128, nayo imejaa kiasi kwamba kamera inakataa kurekodi. Humo mna picha za watoto tangu walipozaliwa, picha za marehemu baba, na video ya harusi ya dada yangu ambayo mpiga video alinipa ikiwa faili moja ya GB 11. Nimenunua diski ya nje ya TB 1, ile yenye sahani inayozunguka ndani, na muuzaji akaifomati palepale dukani ili isomeke pia kwenye televisheni.

Nimekwama mahali pawili. Nikiiunganisha diski na simu kwa waya wa OTG (ule wa kuchomeka flashi au diski kwenye simu), taa yake inawaka, inasikika ikilia tik-tik, kisha inazimika, ilhali flashi ndogo nikiichomeka kwa waya uleule inafunguka bila shida. Nilipopitia kwenye kompyuta mpakato, picha zilikubali, lakini video ya harusi ilikataa kwa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, ingawa diski bado ilikuwa karibu tupu. Je, diski ni mbovu, niirudishe? Na nikishamaliza, ninaweza kufuta kila kitu kwenye simu? Mke wangu anatumia iPhone 13, naye angependa picha zake ziingie humohumo.

Fundi Umeme Mdogo

Ndugu Mkaazi, usiirudishe kwanza, kwa sababu dalili zote mbili zinaelezeka bila diski kuwa mbovu, na kila moja ina chanzo chake.

Huo mlio wa tik-tik ukifuatiwa na kuzimika mara nyingi ni njaa ya umeme. Diski inayozunguka inahitaji nguvu nyingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, na simu nyingi haziwezi kutoa kiasi hicho kupitia tundu la kuchajia, wakati flashi haina kitu cha kuzungusha na hutosheka na kidogo. Ukitaka kuendelea na simu moja kwa moja, tafuta habu ya USB (kisanduku chenye matundu kadhaa) yenye chaja yake yenyewe, ili diski itumie umeme wa ukutani. Ikiwa mlio huo unasikika hata diski ikiwa kwenye kompyuta, hapo ndipo uirudishe mara moja, kabla hujaweka chochote ndani yake.

Ujumbe wa faili kuwa kubwa mno unatokana na namna diski ilivyofomatiwa. Muuzaji ameiweka katika FAT32, mfumo ambao televisheni nyingi za zamani husoma, lakini haupokei faili moja inayofika GB 4, hata diski ikiwa tupu kabisa. Dawa yake ni kuifomati upya iwe exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa na unaoandikika kwenye Windows na kwenye Mac pia. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo zile picha zilizokwisha kuingia zisiwe zimefutwa simuni. Ipo amri ya Windows inayogeuza FAT32 kuwa NTFS, mfumo wa Windows yenyewe, bila kufuta, lakini simu nyingi za Android hazisomi NTFS, na Mac huisoma tu bila kuiandikia, kwa hiyo sikushauri uelekee huko. Kwa upande mwingine, simu nyingi za umri wa yako hazisomi exFAT pia, na ndiyo maana kwako ningechagua kupitia kompyuta. Televisheni ibakie na flashi yake.

Bi Nyaraka

Nakubaliana na Fundi kuhusu kompyuta, ila naongeza kuhusu unakilishaji wenyewe. Unapochomeka simu kwenye kompyuta, chagua uhamishaji wa faili kwenye ujumbe unaojitokeza simuni, kisha *nakili*. Usitumie amri ya kukata, kwa sababu waya ukichomoka katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule. Picha za kamera zimo katika folda iitwayo DCIM. Za WhatsApp hazimo humo: kwenye Android 11 utazikuta chini ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na humo ndani kuna folda ya Sent yenye vile ulivyotuma wewe, ambayo watu wengi huisahau.

Usibadilishe majina ya faili za WhatsApp. Picha ya kamera hubeba tarehe yake ndani, lakini iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida huvuliwa taarifa hizo, na kinachobaki ni tarehe iliyo ndani ya jina, kwa mfano IMG-20240316-WA0007. Ukiiita "harusi ya dada 7", umepoteza siku yake.

Mkaazi wa Raskazoni

Nashukuru sana, wakuu. Kwenye kompyuta diski haitoi mlio wowote, nami nimeifomati upya na video ya harusi imeingia nzima. Lakini linganisho limenitatiza: picha ninazoziona kwenye Google Photos ni nyingi kuliko zilizomo katika DCIM, na za marehemu baba karibu zote sizioni kwenye folda.

Bi Nyaraka

Pole, lakini usiogope. Inaelekea wakati fulani ulikubali pale programu ilipopendekeza kupunguza nafasi, nayo ikafuta nakala za simuni kwa zile zilizokwisha kupanda kwenye akaunti yako. Unaziona kwa sababu intaneti inakuletea, lakini waya hauwezi kunakili kisichokuwemo. Ingia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vya akaunti yako, kwa kompyuta, chagua Google Photos peke yake, nawe utaandaliwa vifurushi vya kupakua. Tafuta mahali penye Wi-Fi, kwa sababu bando la simu halitatosha. Wala usizifute kwenye Google Photos ukidhani unafuta marudio, maana kwa sasa hiyo ndiyo nakala pekee uliyo nayo.

Mtumiaji wa Tufaha

Kwa iPhone 13 ya shemeji, tundu lake ni Lightning, kwani USB-C ilianza na iPhone 15 mwaka 2023, kwa hiyo pia ni rahisi kupitia kompyuta. Kabla ya kuchomeka, aingie Mipangilio, sehemu ya Picha, na mwishoni kabisa achague kuhamisha faili halisi badala ya kuzigeuza kiotomatiki, kwani ugeuzaji huo ndio mara nyingi hukatisha kazi katikati kwenye Windows. Picha zitaingia kama HEIC, aina ya faili ya picha inayotumiwa na iPhone, na huenda kompyuta ikahitaji nyongeza ya kuzifungua. Aangalie pia kama amewasha uboreshaji wa nafasi ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Ukiwa umewashwa, picha halisi nyingi haziko simuni, jambo lilelile lililokupata wewe.

Mzee wa Mashaka

Swali la kufuta limepitwa, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Ukifuta simuni leo, diski inakuwa nakala pekee, na diski inayozunguka ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi inaweza kufa papo hapo. Futa kwanza vile visivyo na uchungu, kama vile video za kuchekesha za makundi ya WhatsApp, ili kamera ipate pumzi. Picha za baba na za watoto zisubiri diski ya pili, ambayo itakaa nyumba nyingine, kwa dada yako kwa mfano, kwa kuwa mwizi au moto hauchagui diski.

Unapoinunua hiyo ya pili, jihadhari na diski au flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya soda. Nyingine zimechezewa zionyeshe ukubwa ambao hazina: zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha zilizozidi uwezo halisi zinakataa kufunguka. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw ambayo huijaza diski nzima na kuisoma tena. Iache ifanye kazi usiku kucha kabla hujaweka picha hata moja. Baada ya kunakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, ufungue video kadhaa uzipeleke hadi dakika zake za mwisho, kwa sababu iliyokatika njiani mara nyingine huanza vizuri tu. Ya harusi uiangalie hivyo kabla ya nyingine zote.