Wanafunzi wa Kichina wanajua maneno mengi ya Kiingereza ila kifungu hawakielewi, nawasaidiaje?

Mgeni_wa_Wuhan

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu hasa walimu wa Kiingereza na mliowahi kuishi China. Nipo Wuhan nasoma masters, nina wenzangu wawili wa Kichina hapa chuoni wao wananifundisha Kichina mimi nawasaidia Kiingereza, hela haipo hapo ni kubadilishana tu. Wanajiandaa na CET-4 ya mwezi wa 6, ule mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo, alama zote ni 710 na watu wanapigania kufika 425 maana ndo inachukuliwa umefaulu. Kusoma peke yake kumebeba asilimia 35 na unapewa dakika 40 tu.

Sasa shida yenyewe. Hawa vijana maneno wanayo tena mengi, wana programu za kukariri msamiati kwenye simu, hata kwenye foleni ya chakula wanakariri, mtajie neno moja moja anakupa maana yake hapo hapo. Ila mpe aya ya sentensi sita umuulize mwandishi anataka kusema nini, kimya. Anasoma neno kwa neno, juu ya kila neno anaandika Kichina kwa penseli, akifika mwisho mwanzo ameshausahau na muda umekata bado yupo kifungu cha kwanza. Sarufi nayo nikianza kuwaelezea naona wanaijua vizuri tu. Na wanajitahidi jamani mpaka usiku wa manane, inaniuma kuona jitihada yote ile haileti matokeo. Nianzie wapi?

BintiPwani

Kaka pole na hongera kwa moyo huo. Nimefundisha Guangzhou, hiyo hali ni ya kawaida sana kule na chanzo chake kipo. Kiingereza wanaanza darasa la 3, miji mikubwa hata mapema zaidi, kwa hiyo akifika chuo ana zaidi ya miaka tisa anakisoma. Lakini amekisomaje? Kifungu kimoja kifupi kinachambuliwa vipindi na vipindi, mwalimu anatafsiri sentensi baada ya sentensi na maelezo yote kwa Kichina, wenyewe wanaita jingdu, yaani kusoma kwa kuchimba. Kuna kingine wanaita fandu, kusoma kwingi bila kuchambua, na hicho ndo kinabanwa hasa sekondari ya juu ambako macho yote yapo kwenye Gaokao, ule mtihani wa taifa wa kuingia chuo, Kiingereza kule kina alama 150 sawa na Kichina na hesabu, nani atathubutu kumpa mtoto hadithi asome kwa raha? Unampata kijana amepitia vifungu vya mtihani hadi basi ila hajawahi kumaliza kitabu kimoja cha Kiingereza hata chembamba.

Halafu kuna jambo sisi wa Kiswahili hatulioni kwa sababu kwetu ni jepesi. Angalia sentensi kama "The report the committee published last year surprised many people." Sisi tunasema ripoti ambayo kamati iliitoa mwaka jana, nomino mbele maelezo nyuma, mpangilio ni ule ule wa Kiingereza. Kichina maelezo yote yanatangulia, kamati, mwaka jana, kutoa, ndo mwisho kabisa inakuja ripoti. Sasa huyo kijana anakutana na ripoti, mara kamati, mara vitenzi viwili na kiunganishi hakuna, akili inarudi nyuma kupanga upya, na sentensi za mtihani ni ndefu kuliko hiyo mara mbili mara tatu. Ndo maana anaandika Kichina juu, anatafuta pa kushika. Ile penseli usimnyang'anye ila ibadilishie kazi, atafute kitenzi kikuu apige mstari, ajiulize nani kafanya nini, hayo maelezo mengine yote ayatie mabano kwanza. Sentensi tatu nne tu kila mkikutana, zitoke kwenye kifungu wanachosoma siku hiyo. Akizoea mabano hayahitajiki tena, jicho linafanya lenyewe.

Kaka_wa_Kijitonyama

Dada hapo juu kaeleza vizuri sana ila mimi nina wasiwasi na muda, mtihani ni mwezi wa 6 huwezi kuwaambia watoto wa watu waanze hadithi leo. Angalieni alama zilipo kwanza. Kusoma kwa CET-4 kuna sehemu tatu, ya kwanza kifungu kina mapengo 10 unachagua kwenye maneno 15, hiyo asilimia 5 tu. Ya pili kifungu kirefu unaoanisha sentensi 10 na aya zake, asilimia 10. Ya tatu vifungu viwili vyenye maswali matano matano, asilimia 20! Sasa wengi wanaanza na mapengo kwa sababu ndo yapo juu ya karatasi, wanang'ang'ana nayo dakika kumi na kitu wakifika kwenye asilimia 20 wamechoka na muda hakuna. Wageuze mpangilio, waanze na sehemu ya tatu, mapengo yaje mwisho kabisa.

Jambo la pili ni huo mtindo wao wa kuwinda neno, anaona neno kwenye swali analitafuta kwenye kifungu akilipata anachagua jibu lenye neno lile lile. Watunga mitihani wanalijua hilo toka zamani, jibu lenye maneno ya kifungu neno kwa neno mara nyingi ndo mtego na jibu sahihi limesemwa kwa maneno mengine. Sasa kila jibu waonyeshe mstari uliowapa jibu na waseme majibu mengine matatu yana kosa gani. Swali moja hivyo lina faida kuliko kufanya karatasi nzima na kuhesabu vema.

Mwl_Moro

Nimesoma wote, nadhani hamgombani kweli. Alichosema Kaka kitamvusha mwezi wa 6, alichosema Binti ndo kitamfanya awe msomaji, na CET-6, ngazi ya juu ya mtihani huo huo, inakuja baada ya hapo na wengine IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, kule kusoma ni maswali 40 kwa saa moja, ujanja wa kuchagua sehemu ya kuanza hautamfikisha huko.

Kwenye hili la kusoma kwingi niongeze kitu maana watu wanakosea hapa. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, yeye na mwenzake walichapisha utafiti mwaka 2000 wakaona msomaji anahitaji kujua karibu maneno 98 kwenye kila maneno 100 ndo aelewe hadithi vizuri bila msaada. Yaani maneno mageni mawili tu! Sasa kijana anayejitutumua na magazeti ya Uingereza ana maneno mageni kumi kila aya, pale hasomi anafungua kamusi. Mpe kitabu chepesi kuliko anavyojiona, vile vilivyoandikwa upya kwa ngazi kwa ajili ya wanaojifunza lugha, ukurasa ukiwa na maneno mengi ya kukwama shusha ngazi. Ataona aibu atakwambia hiki cha watoto. Mwambie ukweli kwamba hapa hatafuti maneno mapya anatafuta mwendo, yale aliyokariri akutane nayo mara nyingi ndani ya sentensi mpaka ayatambue bila kupitia Kichina. Orodha zao zimepangwa kialfabeti, neno la kwanza ni "abandon" na kila Mchina aliyesoma Kiingereza analijua hilo, ila kulijua kwenye orodha na kulikuta katikati ya sentensi limebeba maana nyingine kidogo ni vitu viwili. Anayesoma neno moja moja ni kama mtu anayehesabu matofali, nyumba yenyewe haioni.

Na hili si la Wachina peke yao, mimi nafundisha kidato cha kwanza hapa Morogoro, watoto wametoka msingi walikosoma kwa Kiswahili, anakusomea ukurasa wa Kiingereza kwa sauti safi kabisa umuulize amesoma nini anakuangalia tu.

Mgeni_wa_Wuhan

Asanteni sana wakuu, yani mmenifumbua macho. Hilo la mabano nimelifanya nao jana jioni, mmoja alitaka kila sentensi aifanyie mpaka nikamzuia lol, ila sentensi ndefu aliyokuwa anaiogopa aliisoma mara moja akaielewa. Nimebaki na swali moja, nikiwauliza mmeelewa wote wanaitikia ndiyo, baadaye nagundua hawakuelewa. Nawapimaje bila kuwaaibisha?

BintiPwani

Kaka usiulize umeelewa, kule mtu kusema sijaelewa mbele ya mwenzake ni kujivunjia heshima na tena anaogopa kukuvunjia na wewe mwalimu wake. Mwambie funga kitabu nisimulie kwa Kichina ulichosoma. Ndiyo, kwa Kichina! Tunapima kuelewa siyo kuongea, akisimulia kwa Kiingereza atakurudishia maneno ya kifungu yale yale hujui kama kaelewa au kakariri. Na wewe unajifunza Kichina kwa hiyo wote mnafaidika, pale utakaposhindwa kumfuata, mwenzake atakusaidia.

Kingine, vifungu vya kuanzia chagua vya mambo wanayoyajua. Tafuta habari za Kiingereza kuhusu Wuhan yenyewe, lile daraja la Yangtze la 1957, reganmian zile tambi zao za asubuhi, kitu ambacho habari yake ipo kichwani tayari kazi inabaki lugha tu. Mtihani ukiwaletea mbuga za Marekani au sikukuu ambayo hawajawahi kuiona wanabeba mizigo miwili kwa mpigo, lugha na habari yenyewe, wengine wanaanguka hapo siyo kwenye Kiingereza. Wakishakaa sawa ndo uwaingize huko taratibu, na kabla ya kusoma waongee kidogo kwa lugha yoyote wanajua nini kuhusu hilo jambo.

Kaka_wa_Kijitonyama

Nakubaliana na dada. Ila zikibaki wiki chache rudi kwenye dakika 40 kamili, saa mezani, simu mbali. Halafu hiyo hiyo karatasi siku inayofuata waifanye tena bila saa kwa rangi nyingine, utaona makosa gani yametokana na haraka na yapi hawakuelewa kabisa, hayo ya pili ndo ukae nayo kwenye yale mabano.

Mgeni_wa_Wuhan

Sawa mkuu, ya rangi mbili tunaanza nayo Jumamosi. Mwl_Moro kama una majina ya hivyo vitabu vya ngazi nitumie pm, maktaba ya hapa ina kabati zima la Kiingereza ila sijui nianze na kipi.