Mhitimu wa uuguzi akifeli mtihani wa leseni, aliyefeli hasa ni nani?

Mkunga wa Leba (mtoa mada)

Wadau, habari za jioni. Nawasalimu hasa wauguzi wenzangu, wakufunzi, na wazazi mnaojinyima kulipa ada za vyuo vya afya.

Kila matokeo ya mtihani wa usajili na leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania yanapotoka, mabishano ni yale yale. Wapo wanaotaka mtihani ufutwe: mtoto amesoma miaka mitatu, mitihani ya chuo amefaulu, cheti anacho, apimwe tena kwa nini? Wapo wanaosema waliofeli ni wavivu, walishinda kwenye simu. Mimi nina miaka 19 wodini, 11 kati yake leba, na wanafunzi wa fildi wamepita mikononi mwangu mwaka hadi mwaka. Nasema mtihani ubaki. Lakini mhitimu akifeli, wa kwanza kuulizwa awe mkuu wa chuo kilichompeleka.

Niwape kisa. Usiku mmoja analetwa mama kwa bajaji, mimba ya kwanza, presha 180 kwa 120, nyumbani ameshadegedeka mara moja. Kifafa cha mimba. Nilikuwa na wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho. Nikamwambia mmoja, binti msikivu sana, avute dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Dozi aliijua kichwani: gramu 4 za mshipa kwa nguvu ya asilimia 20, na gramu 5 kila tako. Kisha akaganda, ampuli mkononi. Ampuli imeandikwa asilimia 50, gramu 5 ndani ya mili 10, na hakuna aliyewahi kumsimamisha mezani akaizimua kwa maji hadi asilimia 20 kwa mikono yake. Mili 8 za dawa, mili 12 za maji, bomba linajaa mili 20, unasukuma polepole. Nilivuta mwenyewe. Mama alipona, mtoto alilia.

Asubuhi nikamuuliza taratibu. "Sista, chuoni tuliiona kwenye projekta." Na fildi yao ya kwanza walikuwa zaidi ya 30 kwenye wodi moja. Wa mbele waliona kitanda, wa nyuma waliona migongo ya wenzao.

Nilisikia baadaye kwamba mtihani wa leseni aliufaulu mara ya kwanza. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikamwogopea mama atakayemkuta peke yake zahanati saa nane za usiku.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yajadiliwe. Asilimia ya ufaulu wa kila chuo ibandikwe hadharani, na chuo kinachofelisha mwaka baada ya mwaka kipunguziwe idadi ya kudahili. Pili, uzito wa mtihani uhamie kwenye vitendo. Swali la kuchagua jibu haliwezi kuona mikono.

Bado Sina Leseni

Shikamoo Sista. Mimi ni mmoja wa hao waliofeli, mara mbili. Nitasema ukweli hata kama nitatukanwa.

Sikurudi nyumbani kukaa. Niko zahanati binafsi, mwaka wa pili sasa. Mwenye zahanati ananilipa nusu ya anachomlipa mwenzangu mwenye leseni, na kila nikiomba nyongeza ananikumbusha kwamba "huna karatasi". Wakaguzi wakija naambiwa nitokee mlango wa nyuma nikakae kwenye kibanda cha jenereta. Wakiondoka narudi kuchoma sindano. Wagonjwa wananiita nesi kama kawaida.

Watu wanadhani mtihani umeniondoa kwa mgonjwa. Mtihani umeniondolea mtu wa kunisimamia. Hospitali yenye inchaji mkali, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, ambako ningekosolewa kila siku, haiwezi kunipokea. Iliyonipokea ni ile isiyo na mtu wa kunikosoa. Usiku niko peke yangu.

Baba Mapacha

Dada, pole, lakini umenitisha. Yaani mtu asiye na leseni anaweza kumchoma sindano mwanangu, na kosa ni la mfumo? Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa. Sisi wazazi hatuna pa kujua nani ni nani. Sare ni ile ile, koti ni lile lile. Rubani aliyefeli haendeshi ndege eti kwa sababu chuo chake kilikuwa na darasa kubwa.

Na huyo mwenye zahanati mnamwongelea kama mvua iliyonyesha tu. Ndiye anayefaidi kufeli kwako. Mbaneni huyo kwanza.

Nesi wa Leeds

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nimesomea Eldoret, sasa niko Uingereza. Kwetu pia kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi, na kelele ni hizo hizo. Mnakumbuka mwaka 2021 Kenya ilipotia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi? Baadaye waziri wa afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Nchi nzima ilitucheka. Hao walikuwa wauguzi kamili, wenye leseni. Walikwama kwa lugha tu, si kwa kuhudumia wagonjwa. Ndiyo maana nikisikia "amefeli" huwa nauliza kwanza, amefeli nini?

Kuhusu vitendo, huku muuguzi aliyesomea nje hufanya sehemu mbili. Kwanza kompyuta. Ya pili ni vituo 10, unazunguka kimoja baada ya kingine, mtahini amesimama pembeni. Pale hudanganyi mtu. Niliona dada amesoma vitabu vyote akasahau kuuliza jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Alifeli kituo hicho. Ila aliyeanguka vituo vichache anarudia hivyo tu, si mtihani wote, na anajua kabisa wapi aliteleza. Huyo dada wa kibanda cha jenereta, kuna aliyewahi kumwambia aliteleza wapi?

Jambo lingine: kwetu mwanafunzi hupewa namba na Baraza akianza tu masomo. Baraza linamjua tangu siku za mwanzo.

Mkufunzi Mstaafu

Nimewasoma wote. Mtoa mada ni mwenzangu na namheshimu, lakini mapendekezo yake yote mawili yana shimo.

Ukibandika ufaulu wa vyuo, najua kitakachotokea maana nimekaa kwenye vikao hivyo. Chuo kitawachuja wanafunzi mwezi mmoja kabla ya mtihani. Dhaifu atarudishwa mwaka, au ataambiwa ada haijakamilika, ili asiketi kwenye mtihani. Ufaulu utapanda bila mtu hata mmoja kufundishwa vizuri zaidi.

Na mtihani wa vitendo, nani atatahini? Wauguzi wale wale ambao wodini ni wawili kwa wagonjwa 40? Karatasi ina ubaridi wake, nakubali, lakini inasahihishwa kwa namba. Haijui wewe ni mtoto wa nani. Mtahini aliyesimama pembeni anajua.

Mjadala huu wenyewe una umri mrefu. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alipinga wauguzi wasajiliwe kwa mtihani, akisema tabia na moyo wa muuguzi havipimwi kwa karatasi. Muuguzi mwenzake wa Uingereza, Ethel Bedford Fenwick, akapigania usajili miaka zaidi ya 30. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1901, Uingereza ikafuata mwaka 1919, Nightingale akiwa kaburini miaka tisa. Nadhani Fenwick alikuwa sahihi kwa sababu moja tu: bila daftari la majina, mgonjwa hana pa kushitaki.

Mkunga wa Leba (mtoa mada)

Mkufunzi, shikamoo. Hoja ya mtahini umenishinda nusu. Nusu iliyobaki: atoke mkoa mwingine, asipangiwe watahiniwa hadi asubuhi ile ile. Gharama ipo, sikatai. Lakini mama wa kifafa cha mimba naye ana gharama, tena inalipwa na familia yake peke yake.

Kuhusu kuchuja wanafunzi, dada wa Leeds ametupa jibu. Kama Baraza linamjua mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza, ufaulu uhesabiwe kwa walioanza, si kwa walioketi. Chuo kikiingiza 120 na waliopata leseni ni 50, kibandikwe 50 kwa 120. Na kabla hakijaingiza hao 120, kiulizwe kina vitanda vingapi vya kuwafundishia.

Baba Mapacha, una haki ya kuogopa. Omba kuona leseni. Muuguzi mwenye nayo hatakasirika, na akikasirika, ondoka na mwanao.

Bado Sina Leseni, mwanangu, marahaba. Usiku wa peke yako uache, hata kwa hiyo nusu ya mshahara. Likitokea la kutokea, mwenye zahanati atasema hakujui. Aliyefeli apewe miezi sita ya kufanya kazi chini ya inchaji kwenye hospitali yenye watu, kwa jina la mwanafunzi na bila kujificha, kisha aketi tena. Hilo ndilo ningependa Baraza lilifikirie kabla ya yote.

Mkufunzi Mstaafu

Marahaba. Walioanza badala ya walioketi, hapo umenishika. Ila aliyeacha mwaka wa pili kwa kukosa ada, naye utamhesabu dhidi ya chuo?

Mkunga wa Leba (mtoa mada)

Ahesabiwe, kwenye safu yake. Nataka tuone ni wangapi.