Nyuki kwenye mikorosho, na siri za kikundi chetu

Mbanguaji wa Newala:
Habari zenu wanajukwaa. Nina mikorosho sitini, na niko kwenye kikundi cha akina mama wabanguaji. Mikorosho imechanua, harufu inafika hadi barazani. Juzi asubuhi nilisimama chini ya mti mmoja nikitazama wageni wa maua: nyuki, nzi, sisimizi, vipepeo. Bwana shamba alituambia chavua, yaani ule unga wa ua, ya korosho inanata, upepo hauibebi, mpaka apatikane mdudu. Na kwenye shada moja, maua mengi ni madume, ya kuzaa ni machache.

Hapo nikakumbuka kikundi, nacho kinahitaji wa kukiletea kitu kutoka nje. Miaka sita tunajipaka majivu mikononi, tunabangua, tunakaanga kwa chumvi, tunafunga vifuko vilevile. Mwaka jana nilikwenda msibani Lindi, nikamkuta mama anauza kashata za ufuta. Nikaonja, nikamwuliza sukari anaiivisha vipi. Niliporudi nikapika korosho kwa sukari na ufuta. Kilo tatu ziliisha gulio moja. Kwenye kikao nikaambiwa ninatoa siri za kikundi, nisitembeetembee tena. Iliniuma, maana nilichokwenda nacho ni swali tu.

Naomba kujua: nikiweka mizinga shambani, salfa tunayopulizia ukungu wa mikorosho haitawadhuru nyuki? Na ninyi mnaletaje jambo jipya bila kugombana na wenzenu?

Mkulima Tandahimba:
Dada, sisi salfa tunapuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia, nyuki hawajatoka. Cha kuogopa zaidi ni dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Ukiipuliza maua yakiwa wazi, nyuki wanakufa pia. Ukiwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wakali, mtini waache, wanamfukuza huyo mbu. Kwa mizinga, waulize wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kabla hujatumia hela.

Mwalimu mstaafu, Masasi:
Mama, kuhusu kuleta jambo jipya: vanila asili yake Meksiko. Ilipopelekwa kisiwa cha Réunion, huko Bahari ya Hindi, ikawa inachanua bila kuzaa, maana mdudu wake alibaki kwao. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alichukua kijiti akakutanisha chavua na sehemu ya kike kwa kidole gumba. Bwana wake alikuwa amemwonyesha kuchavusha mmea wa jamii ya matikiti kwa mkono. Yeye akahamishia ujuzi huo kwenye vanila. Hadi leo vanila ya Kagera inachavushwa kwa mkono. Ufuta wako wa Lindi umepita njia hiyohiyo.

Mama wa Lindi:
Mwenzangu, kosa ni kwenda peke yako. Mwombe mwenyekiti mwende wote. Na msije mikono mitupu, mleteeni huyo mama korosho za vipande atie kwenye kashata zake. Nyuki haondoki na asali ua likabaki bila kitu.

Mbanguaji wa Newala:
Asanteni sana. Nimempigia mwenyekiti, kanyamaza kidogo, kisha kauliza nauli ya Lindi ni shilingi ngapi. Tunaondoka Jumamosi na kilo mbili za vipande.